Vitu Vitatu Vilivyogawanywa

Jumatano

Haki yangu, wanasema. Marehemu mume wangu alihangaika miaka kuvioanisha vile vitu vitatu: kicheza muziki, kikuza sauti cha mfukoni na spika za masikioni. Bila kikuza sauti, spika zile hunong'ona tu. Siku ya mirathi mimi niko edani, nyuma ya pazia, wakavigawa kama sahani. Mamake kikuza sauti, kaka yake kicheza muziki, mimi spika.

Leo eda imekwisha, nikamwendea shemeji Hamadi.

"Niazime kile kicheza muziki jioni moja tu, shemeji. Humo mna taarabu alizozipanga marehemu mwenyewe."

"Zile? Nishazifuta, nimetia mawaidha. Lakini sauti yake ndogo mno."

"Kinataka kile kikuza sauti alichopewa mama."

"Mama anadhani ni chaja; anakichomekea simu, anangoja ijae chaji!" Akacheka, kisha akanyoosha mkono. "Basi nipe na hizo zako, vikae pamoja kama alivyopenda marehemu."

Mimi na marehemu tulikuwa tukizivaa moja moja, yeye sikio la kulia, tukichambua karafuu. Naogopa nitasahau wimbo upi ulifuata upi.

Nilizifumbata spika zangu kiganjani, nikatoka bila kuaga. Mimi, bila kuaga.