Likizo ya Nchi Gani

Jumatatu, 2 Juni 2025. Mkuza, Kibaha

Miguu imevimba. Viatu vyote vimenikataa, natembea na ndala za Joel mume wangu. Na kazi yangu ni nini? Kuwajibu Wazungu ambao viatu vyao vinawabana! Tangu asubuhi nimekaa hapa sebuleni mbele ya kompyuta, tumbo limegusa meza. Pole sana, madam. Tutakubadilishia, madam. Mwaka wa tatu huu.

Leo nimemwandikia Femke, bosi wangu, yuko Uholanzi. Mimba ya kwanza, natarajia katikati ya Julai, naomba likizo ya uzazi. Nimeandika kwa adabu mpaka nimejichukia.

Jumatano, 4 Juni

Jibu limekuja na maua na mioyo. Hongera, Vailet! Sisi ni familia! Pumzika kadiri utakavyo — bila malipo. Na nafasi yangu wataijaza kulingana na mahitaji.

Familia! Familia gani hiyo, binti akienda kujifungua wanafunga mlango?

Nikamuuliza: si mmeandika kwenye mkataba kwamba sheria ni ya Uholanzi? Basi nipeni likizo ya Uholanzi. Akasema hapana, hiyo ni ya wanaofanyia kazi hukohuko. Haya, nipeni ya Tanzania. Akasema hapana, mkataba unasema sheria ni ya Uholanzi. Danadana! Tena akaongeza kwamba kwao mimi si mwajiriwa hasa, ni mtoa huduma huru.

Huru! Mimi nikikawia chooni tu, ile taa ya kijani pembeni ya jina langu inageuka njano, ujumbe unaingia: Vailet, upo? Uhuru gani huo wa kuulizwa chooni?

Ijumaa, 6 Juni

Kikao cha timu kwenye video. Femke katusimulia likizo yake ya uzazi ya mwaka juzi. Ilikuwa tamu, anasema. Alikuwa analala mchana na mtoto kifuani, mshahara unaingia. Wote wakacheka na mimi nikacheka. Mdomo wangu huu! Viatu ni vilevile, wateja walewale. Tumbo lake lilikuwa na sheria, langu halina.

Jumanne, 10 Juni

Joel kaomba ruhusa shuleni anakofundisha, kanisindikiza ofisi ya kazi. Tumepokelewa na afisa mmoja, Bwana Hemedi, mtu mzima mstaarabu. Shikamoo. Marahaba, kaa binti yangu, usisimame na hali hiyo. Kausoma mkataba wote, kavua miwani. Akasema kwa anavyoona yeye, umekaa Kibaha, jasho lako linatoka Kibaha, sheria ya hapa ndiyo ikulinde, mkataba uandike utakavyo. Nilitaka kumkumbatia!

Kisha akauliza: sasa wito tumpelekee nani? Wana ofisi hapa nchini? Hawana. Mwakilishi? Hawana. Kwani hapa wana nini? Nikafikiri. Nikamwambia, wana mimi.

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Tufungue shauri hata hivyo, akasema, ila haraka usiitegemee. Nimeweka sahihi. Huyu wa tumboni kaipiga teke meza, nadhani naye kaweka yake.

Njiani Joel anasema achana nao, tutakula mihogo. Nikamwambia mihogo nayo inanunuliwa, na mshahara wa shule yako tunaujua. Tumenuniana kutoka Maili Moja hadi nyumbani.

Jumapili, 22 Juni. Kisarawe

Nimehamia kwa Mama. Kwetu mimba ya kwanza unakwenda kujifungulia kwenu, hakuna mjadala. Mama kafua khanga zote, kapanga kuni za kuchemshia maji, unga wa uji keshapima, pilipili manga kanunua. Anasema atanishika mkono leba mpaka mtoto atoke, kama Bibi alivyomshika yeye. Siku hizi wanaruhusu, keshauliza. Baada ya misa kawatangazia jumuiya nzima. Sijamwona na furaha hivi tangu Baba afariki.

Kompyuta nimeiweka juu ya meza ya cherehani yake. Kaitazama kama mgeni aliyekuja na mabegi bila taarifa.

Jumatano, 2 Julai

Femke kaja na makubaliano. Nikifanya kazi bila kukosa mpaka Ijumaa ya tarehe 11, msichana wa kunishikia nafasi atakuwa amemaliza mafunzo, na kiti changu kitanisubiri miezi mitatu. Malipo hakuna, lakini kitanisubiri. Nikikosa kabla ya hapo, basi tena.

Nikamuuliza, hiyo ni sheria ya nchi gani? Akasema si sheria, ni wema tu.

Wema! Nimekubali. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Jumatatu, 7 Julai

Mama kaniuliza kwa nini nakula huku nasukumasukuma hicho kidude. Nikamwonyesha kipanya: ukiacha kukisogeza, taa inakuwa njano. Wateja naweza kuwajibu hata kwa simu, lakini kuwepo kazini kunahesabiwa hapa kwenye kompyuta. Akajaribu. Kidole kimoja, taratibu. Taa ikabaki kijani.

"Wanakulipa kwa hili?"

"Kwa hili pia, Mama."

Akasonya. "Basi hata mbuzi wangu wangemwajiri."

Nimecheka mpaka mgongo umeuma. Halafu nikalia, sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Alhamisi, 10 Julai. Leba

Daftari lilikuwa kwenye mkoba pamoja na khanga. Naandika kati ya uchungu na uchungu, mwandiko usinicheke.

Imeanza asubuhi hii, mapema kuliko tulivyodhani. Nimemjibu mteja, nimeinuka, chupa ikapasuka palepale kwenye sakafu ya Mama. Kesho! Ilibaki kesho tu!

Jirani yetu, Mama Evance, kaja na gari, maana anayejua kuendesha hapo mtaani mchana ni yeye. Mama keshavaa viatu, mkoba begani. Kafika mlangoni — kageuka. Taa imeshakuwa njano. Vailet, upo?

Nilidhani atawalaani. Kanipa mkoba. Kavua viatu, kavuta kiti, kakaa. Nenda, mwanangu, kasema. Hawa nitawakalia mimi.

Na mimi sikumwambia inuka. Ee Mungu wangu, sikumwambia! Nilichukua simu nikaingia kwenye gari. Hilo linanikata kuliko haya maumivu.

Mama Evance kanishusha karudi, watoto wake kawaacha peke yao nyumbani. Joel yuko njiani kutoka Kibaha. Niko na simu. Kuna mwanamume kisigino kinamsugua. Pole sana, bwana, tutakubadilishia. Kuna mwingine anadai rangi si ile ya kwenye picha. Nimeuma khanga, nimemjibu.

Sasa hivi Femke kaandika: nakuona uko imara leo, asante kwa kujituma. Kaweka na moyo.

Huyo anayemwona ni mama yangu. Kidole kimoja kwenye kipanya, rozari mkono wa pili, anatazama taa ya kijani. Alikuwa anitazame mimi.

Nesi kaja kunipima. Bado kidogo, usisukume. Kisha kakitazama kiti kitupu pembeni ya kitanda. Wenzako wote wamekuja na mama zao, wa kwako yuko wapi? Nimemwambia yuko kazini. Nesi kasonya. Kazi gani hiyo hawampi mtu ruhusa siku kama ya leo? Nchi hii haina sheria? Anafanya kazi wapi huyo mama?

Amesimama hapa, anasubiri nimjibu. Wapi.

Inakuja tena —