Mpunga wa Kabla ya Pesa ya Tumbaku

Isevya, Tabora
Februari, mvua imepumzika kidogo

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Tangi la maji ya mvua limejaa, au Baba Mdogo bado anasema ataliziba kesho? Mimi sijambo, na huyu wa tumboni hajambo kupita kiasi, anapiga mateke utadhani nimemuudhi. Kwenye simu huwa unaitikia tu "eeh, eeh" na husikii kitu, ndiyo maana nimeandika. Dada akusomee polepole, asiruke.

Habari mbaya tuimalize kwanza. Mkataba wa Masanja kule kwenye ujenzi uliisha kabla ya Krismasi, na mpaka leo mume wangu hajapata kibarua cha maana. Lakini usishtuke. Tunakula wali na maharage, wakati hapa mtaani wali sasa umekuwa chakula cha wageni. Sifa zote ni za mama mkwe wangu, Mama Masanja, na leo nataka nimsifu mpaka nichoke.

Unakumbuka nilivyokulilia mwaka jana, mwezi wa sita? Masanja alikuwa amelipwa, na mimi tangu niolewe huku sijakanyaga Newala. Nilishafungasha moyoni nije nikuone. Mama Masanja akasema, "Mwanangu, safari itasubiri. Mpunga hausubiri." Nilinuna, Mama, unanijua nikinuna. Yeye akajifunga kanga kiunoni, tukapanda lori kwenda vijijini upande wa Urambo.

Huku watu wengi wanalima tumbaku. Wakishaiuza, malipo yanachelewa, na wakiyasubiri wanauza mpunga ili mambo yaende. Pesa ya tumbaku ikitoka, hakuna anayeuza tena kwa haraka, na mjini sukari, mafuta na sabuni vinapanda kwa sababu kila mtu ana hela. Ni kama korosho kwetu. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tunanunua pesa ikishatoka, tukisukumana na watu wote. Mama Masanja hununua kabla. Mpunga, karanga, sabuni, mafuta, hata chumvi na viberiti.

Wala hamkandamizi mtu. Kuna bibi mmoja alitaja bei ya chini mno, mimi nikambinya Mama Masanja mkono tuondoke na bahati yetu. Yeye akamwambia yule bibi, "Hiyo si bei, hiyo ni shida. Taja nyingine." Yule bibi akacheka, akataja nyingine, wakaelewana. Njiani nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mwakani nitarudi kwake."

Na mimi niliyejiona mjanja wa soko! Nilinunua karanga kwa bei poa kabisa, nikarudi naringa. Akaziangalia, akauliza, "Kopo la kupimia uliligeuza chini?" Sikuligeuza. Kumbe kitako chake kilikuwa kimebonyezwa ndani, nusu ya kipimo ni hewa. Hakunisema. Jioni alizikaanga hizo hizo karanga na kunipa kikombe kikubwa kuliko cha Masanja.

Sasa sikia hili. Wiki iliyopita niliingia stoo kuchota mpunga wa kupeleka mashineni, nikakuta magunia mawili hayapo. Mama Masanja alikuwa kibarazani anabangua karanga.

"Mama, magunia mawili yamekwenda wapi?"

"Nimeyauza jana. Bei imefika."

"Na Masanja hana kazi! Tutakula nini mpaka mavuno?"

"Yaliyobaki yanatutosha, na uzazi wako nimeuhesabia," akasema, hata hakuinua macho. "Hayo mawili hayakuwa ya kula. Uliponuna mwezi wa sita niliyasukuma ukutani peke yake, nikasema haya ni ya Newala. Nilitaka uende. Sasa tumbo hilo halipandi basi. Basi mama yako aje. Mwanamke hazai mtoto wa kwanza bila mama yake karibu."

Nililia pale pale kibarazani, Mama. Nampenda huyu mama. Nilikuwa naogopa sana kuzaa bila wewe, na sikumwambia mtu, hata Masanja.

Nauli yako ya kuja na kurudi nimeshaituma kwenye simu ya Kaka. Mwambie asiiguse. Kata tiketi mapema, kabla watu wa Pasaka hawajaanza kugombania viti. Hayo nayo ni maneno ya Mama Masanja. Ameniuliza korosho ni bei gani huko, nikasema sijui, akanitazama kwa huruma. Kwa hiyo ulizia kabla hujaondoka, atakuuliza hata hujakaa.

Nisalimie Dada msomaji, Baba Mdogo na tangi lake, na jirani yetu aliyenisuka siku ya harusi. Masanja anakuamkia.

Njoo, Mama. Magunia yameshauzwa.

Mwanao,
Fidea