Vyakula Tulivyopikiana Bila Kuonana

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Najua unacheka huko uliko, maana miaka yote niliyokaa kwenye ukoo wako salamu hii hukuisikia kutoka kinywani mwangu hadi mwishoni kabisa. Kwetu Rungwe mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni, hamsalimii, wala hakai naye chumba kimoja. Akimwona anakuja, anampisha. Siku ya harusi mama yangu alinishika mkono akaniambia, "Unaolewa Ufipa, sawa, lakini desturi unaondoka nayo." Na mimi ni mtoto wa mama yangu.

Loo, ulivyoumia mwanzoni! Wifi Skola alinisimulia baadaye. Deo alinileta Kaengesa kwa mara ya kwanza, ukatoka na mikono miwili kumpokea mke wa mwanao, nami huyoo, nyuma ya ghala la mahindi, kitenge kichwani. Ukamwuliza Deo, "Mwanangu, huyu ananikimbia? Nimemkosea nini? Au kwao wamemwambia Wafipa wote ni wachawi?" Deo akakueleza. Ukakuna kichwa, ukasema, "Haya. Basi nitakuwa nakohoa." Tangu siku ile, tukija kukutembelea, ukawa unakohoa kila unapokaribia kona ya nyumba, ili nipate muda wa kujificha. Mwenye nyumba anapiga hodi uani kwake mwenyewe!

Halafu ikaja Krismasi. Wanaume wa kuchinja nilikuwa nawajua, wa kupika sikuwajua. Tangu mama mkwe afariki, mwiko hukumwachia mtu, na sheria ya nyumba yako ilikuwa moja: siku hiyo mtu asilete chakula tulichokula mwaka jana. Nilikusikia kutoka jikoni ukiwatangazia wageni, "Pilau tutakula kwenye harusi za watu. Leo amezaliwa Mtoto, tule kitu kipya." Nikajiuliza hicho kipya kitatoka wapi. Krismasi ya huku ni mvua na jembe, ghala limepungua, mahindi shambani ndiyo kwanza yako magotini.

Kikatoka kwenye majivu. Ulikuwa umechukua maboga yaliyobaki ghalani toka mavuno, ukayakata vifuniko, ukatoa mbegu, ukajaza mchele wa bondeni, vipande vya migebuka, samaki wa ziwani ambao wifi alitoka nao Matai, karanga za kutwanga na kitunguu. Ukayarudishia vifuniko vyake, ukayafukia kwenye majivu ya moto tangu alfajiri. Nyie mkila nje, wifi akaniletea la kwangu jikoni, dogo la kutosha viganjani. Nilipolifungua, mvuke ukanipiga usoni. Jamani, baba! Mchele ulikuwa umekunywa utamu wa boga, samaki ameyeyukia humo humo. Nilikula nimesimama. Wifi akanitazama akasema, "Baba kasema nikwambie, kilichojificha ndicho kitamu." Nilicheka mpaka machozi. Nikajua mzee ananisalimia.

Sasa chombo hakirudi kitupu, hata mtoto analijua hilo. Krismasi iliyofuata nilimwagiza mama ndizi na majani ya mgomba, vikaja na basi kutoka Tukuyu. Ndizi nikazichemsha na kuziponda kwa mafuta ya alizeti, nikazitandaza tabaka moja, maharage tabaka la pili, nikafunga kwenye majani na kuyaweka kwenye mvuke hadi jioni. Wifi akakupelekea mafungu mawili. Nikatega sikio nyuma ya ukuta. Nikasikia majani yanafunguliwa, basi. Nikaanza kujuta, nikasema mzee wa watu nimemlisha majani. Halafu nikasikia, "Mh." Na baada ya muda, "Skola, hilo la pili usiliguse."

Ndivyo tulivyozungumza. Ukanitumia kumbikumbi, umewakaanga, ukawatwanga na karanga, ukawafinyanga vitumbua vidogo vyenye asali juu. Nikakujibu kwa maziwa mgando niliyoyachuja kwenye kitambaa mpaka yakashikana, nikayakaanga na majani ya kitunguu. Mwaka ulipooka keki ya ulezi, makaa chini ya sufuria na makaa juu ya kifuniko, wajukuu wa mjini walikunja pua. "Babu, imeungua?" Ukawaambia, "Imeungua kabisa, niachieni." Wakaigombania hiyo keki kama hawajala tangu Jumapili. Nilikuwa nakusikiliza ukutani, nimeziba mdomo kwa kitenge nisije nikacheka kwa sauti.

Baba, nilikuwa nakustaajabia na sikuwa na njia ya kukwambia. Nimekaa ofisini halmashauri na watu waliokula kwenye mahoteli ya kila aina, lakini sijapata kumsikia mtu anayeweza kusimama mbele ya gunia la ulezi na debe la maharage, akaona humo karamu. Kila mwaka nilifungua sahani yako, na kila mwaka nilijiuliza: huyu mtu ana akili ya namna gani? Na mbona hakasiriki? Ningekuwa mimi, mkamwana akanikimbia hivyo, ningeshamtafutia jina baya.

Mwaka jana ukaugua. Tumbo likakataa kila kitu. Wifi alijaribu uji, Deo alijaribu mtori, ukawa unageukia ukutani. Daktari akatwambia wazi kwamba usipokula, dawa zake hazitasaidia. Asubuhi ya Krismasi ulikuwa umelala usingizi mzito, wote wakaenda misa, nikabaki jikoni. Wifi aliniambia, "Hataamka kabla hatujarudi." Nilikuwa nimepata uyoga mbichi wa mvua zile za kwanza. Nikautwanga na karanga, nikauchemsha kwa moto mdogo, nikachuja supu kwenye kitambaa safi ili ishuke bila kutafunwa. Ikawa inasubiri mkono wa kukupelekea.

Ndipo nikasikia sauti yako dhaifu kutoka chumbani. "Harufu ya nini hiyo?"

Siku zote zile hukuwa umeulizia chakula! Nikatoka hadi barabarani kutazama kama kuna mtu anarudi. Hakuna. Nikarudi. Nilijua hamu ya mgonjwa haikai, supu ikipoa na hamu imekwenda. Nikamimina kwenye bakuli, nikafika mlangoni kwako. Nilimsikia mama yangu masikioni kabisa. Nikasimama pale nimeinamisha kichwa, bakuli linaniunguza vidole, nalia kimyakimya kama mtu mjinga.

Ukaona kivuli changu sakafuni. Nikasikia blanketi linavutwa. Kisha ukasema, kwa chini, "Pita, mama. Nimejifunika. Sikuoni."

Baba. Wewe, ambaye kwenu desturi hiyo haipo. Wewe mgonjwa wa kitandani, ndani ya nyumba uliyoijenga mwenyewe, umejifunika blanketi kichwani ili mimi nisivunje heshima ya kwetu! Mpaka leo nikifika hapo nashindwa kuendelea, inabidi niweke kalamu chini.

Nikaingia. Nikasimama kando ya kitanda, na ikanijia kwamba hata mganga hawezi kumnywesha supu mtu aliyefunikwa uso. Nikacheka. Nawe ukacheka chini ya blanketi, likatikisika. Nikaweka bakuli kwenye kiti, nikalishika blanketi kwa mikono yangu miwili, nikalishusha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kaa."

Ulikuwa na mwanya. Hakuna aliyewahi kuniambia. Mwanya ule ule wa binti yangu, ambao siku zote nilikuwa najiuliza umetoka wapi. Nikakunywesha kijiko kimoja, ukakishikilia mdomoni, ukafumba macho. "Uyoga umeufanyaje?" Nikaanza kukueleza. Na wewe sasa unajua, mimi nikianza sinyamazi. Nikakueleza uyoga, nikarudi kwenye ndizi za mwaka ule, nikakuuliza boga ulilizuiaje lisipasuke, ukanijibu, nikabisha, tukabishana. Bakuli likaisha hatukuona. Waliporudi kutoka misa walinikuta nimekaa ukingoni mwa kitanda nakusimulia habari za ofisini. Wifi alidondosha mkoba. Ukamtazama mwanao ukasema, "Deo, kumbe huyu anaongea hivi? Pole sana, mwanangu."

Nyumba nzima ilivunjika mbavu. Wakakubeba na kiti hadi nje mezani, na nikakaa kando yako, nikala nikikuona unakula.

Uliondoka kabla mahindi hayajakauka shambani. Supu ilikupa wiki kadhaa za nguvu, na kila Jumamosi nilikuja Kaengesa nikiwa na kitu kwenye kikapu na maneno kichwani. Mama yangu alikuwa ameshasikia. Alinikasirikia, simu zangu akawa hapokei. Kwenye msiba alikuja, akaketi nami jikoni bila kunitazama. Nikamsimulia asubuhi ile.

"Alijifunika mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe, mama."

"Nyumbani kwake?"

"Kitandani kwake."

"Nani alimfundisha?"

"Hakuna aliyemfundisha."

Mama akainuka. Akafunga kitenge kiunoni, akauliza mwiko wako uko wapi, akawapikia watu wako mpaka matanga yakaanuliwa.

Leo ni Krismasi tena, na mama yupo hapa. Tumechukua majani machanga ya maboga, tukakunjia ndizi zake na migebuka ya wifi, tukayakaanga kidogo juu juu. Hakijawahi kuliwa nyumba hii, sheria tumeitii. Watu wamemaliza, sasa wanasinzia, mvua inapiga bati, nami nimepata nafasi ya kukuandikia.

Wengine hunionea huruma. Husema nilipoteza miaka mingi ya kukaa na mzee wa namna ile. Siwabishii, wataelewa nini? Ila wewe nakwambia: nakukumbuka mno, baba, na bado natamani kukupikia. Nimewatazama watu wengi maishani mwangu na nyuso zao zimenipotea. Wako niliutazama kwa muda mfupi hivyo, na nikifumba macho hapa nilipo, nauona wote.

Pumzika, mzee wangu.

Mkamwana wako