Wageni Sitini wa Rabi Anshel

Antwerp, Jumatatu

Dada yangu mpendwa Perl,

Pokea salamu za mtu ambaye, bila yeye, Wayahudi wa mji huu wasingejua hata Sabato inaingia saa ngapi. Goti lako limepata nafuu? Baridi ya Strasbourg isikuonee. Mimi mzima, ila nimechoka, dada. Hata kofia naiona nzito.

Watu husema mwanao ndiye mfariji wa wagonjwa. Sawa, Anshel kasoma. Lakini miaka kumi na minne nani kamwendesha hospitali hadi hospitali? Yeye humwimbia mgonjwa taratibu mpaka usingizi uje; mimi huegesha gari mahali ambapo hata meya hathubutu. Akitoka huko, kuna ndoa inavunjika, kuna maiti ya kuoshwa, kuna wazee wanagombea kiti sinagogini. Nilimsihi apumzike, akanijibu, "Mjomba, wagonjwa hawana likizo." Haya, moyo ukamlaza katika wodi ileile aliyokuwa akiizuru.

Barua iliyopita nilikuambia usijisumbue na treni, kwamba nakaa naye kila siku na kumnywesha supu kwa mkono wangu.

Sasa sikia ya jana. Wahenga wetu walisema anayemzuru mgonjwa huondoka na sehemu moja katika sitini ya ugonjwa wake. Shule iliniacha darasa la sita, lakini hesabu naijua: nikakusanya watu sitini! Waoka mikate, wakata almasi, hata Zalman, aliyemnunia Anshel tangu ule ugomvi wa kiti. Nikawapanga ngazini kama jeshi. Nilijua kufika jioni mwanao atatoka akicheza.

Alipofika wa arobaini, muuguzi mkuu, Bi Griet, akatoka uso umemwiva, akauliza hii ni wodi au soko la samaki. Zalman akamwambia, "Mama, punguza hasira, samaki hawapangi foleni." Tukafukuzwa sote.

Kumbe kila aliyeingia alikuwa ameketi akaanza: huyu mgongo wake, yule mkwewe, mwingine ndoto mbaya. Na Anshel, unavyomjua, akawasikiliza wote. Badala ya kuondoka na ugonjwa wake, kila mmoja alimwachia wa kwake. Usiku moyo ukalegea tena. Daktari kaamuru: kuanzia leo, ndugu wa damu tu.

Ndugu wa damu, Perl. Yaani mimi peke yangu.

Basi nikuambie. Tangu mke wangu Hindel akate roho katika wodi ile, sijauvuka mlango wake. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja garini. Supu huipeleka Bi Griet. Asubuhi hii Anshel kamtuma kwangu: "Mwambie mjomba aingie tu, nitafumba macho asione haya." Nikasimama. Nikashika kitasa. Nikarudi kuketi.

Mwanao yuko peke yake, nami nakuandikia nikiwa kwenye benchi, hatua sita kutoka kitandani kwake. Panda treni ya kwanza kesho. Uje umwone, na mimi unishike mkono tuingie wote.

Wasalimie wajukuu, na majirani wanaonikumbuka. Ila hili la mlango usiwasimulie.

Ni mimi kaka yako mkubwa, mwoga,

Feivel