Freshi ya Mjomba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natanguliza salamu kwa sababu ndivyo ulivyonilea, ingawa leo kifua kimejaa na ningependa kuanzia katikati. Mgongo wako unaendeleaje? Na Kitindamimba wetu, tumbo lake limetulia, au bado anajikunja kitandani kama ulivyonieleza? Huyo mtoto ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ningepiga simu, lakini simu mnayotumia ni ya jirani, na haya si ya kupitia sikio la jirani. Barua nimempa dereva wa lori la soda. Ameniapia kwamba itakufikia kabla Mjomba hajaja na kile kifurushi chake cha mwisho wa mwezi.

Mimi mwili haujambo, roho ndiyo imechafuka. Nilikwambia kwamba nimehamishwa kutoka rafu za sabuni kwenda chumba cha nyama, na kwamba Mjomba, kwa kuwa ndiye mkuu wa chumba hicho, ndiye aliyeniombea. Ulifurahi mpaka ukawatangazia majirani. Sasa nikueleze kazi yenyewe, na kama unakula, weka kijiko chini kwanza.

Kule dukani neno ni moja tu: freshi. Asubuhi tunasalimiana kwalo. Mkate ni freshi, maziwa ni freshi, hata dawa ya kupuliza chooni imeandikwa freshi. Mfanyakazi mpya naye ni freshi, na akichoka anaambiwa akajifreshi kidogo, yaani akanawe uso arudi kazini. Mteja akilalamika, Mjomba humpa tabasamu na kumwambia freshi, tutaliangalia hilo, na hapo maana yake ni ondoka. Nilikuwa nalipenda neno hilo, Mama. Nililiona la watu waliochangamka.

Kule chumbani nikakuta limezaa kazi, inaitwa kufreshisha. Kila asubuhi, milango ikiwa bado imefungwa, pakiti zilizokosa wanunuzi hurudishwa ndani. Tunachana nailoni, tunamwaga nyama kwenye beseni la maji na siki, tunaisugua kwa mikono mpaka utelezi utoke. Utelezi kama wa konokono! Kisha inasagwa pamoja na kipande cha nyama mpya ili ipate wekundu, inapangwa kwenye sinia, inabandikwa kibandiko cha kijani: freshi. Harufu yake inaingia chini ya kucha na haisikii ndimu wala sabuni. Siku ya kwanza nilitapika kwenye sinki, na wenzangu wakacheka, wakasema sasa nami nimefreshishwa. Nilipoomba kurudi kwenye rafu za sabuni, Mjomba aliniambia niache kujidai, akanikumbusha ninalala nyumbani kwa nani.

Nyama iliyoshindikana hata kufreshishwa hutupwa kwenye ndoo nyeusi mlangoni, kwa ajili ya bwana mmoja anayefuga mbwa. Juzi nilimkuta Mjomba ameinamia ndoo ile, anachagua. Aliosha alichochagua, akakisaga, akakifunga kwenye karatasi kwa kamba ya manjano, akaacha vitanzi viwili kama masikio ya sungura. Kamba hizo nazijua mimi. Umezitunza zote, nyingine umefungia mapazia, na Kitindamimba anafungia nywele. Kila ulipofungua kifurushi ulisema kaka yako hajasahau tumbo mlilotoka.

Nilimuuliza kama ile si nyama ya kutupiwa mbwa. Wala hakushtuka. Alisema ni freshi tu, ikichemshwa vizuri haina neno, na kwamba watu wa huko kwenu hamjui tofauti, mbona dada yake hajawahi kulalamika. Kisha akaenda kunawa mikono, Mama, kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko.

Bado nilitafuta pa kumtetea. Nilijiambia labda kweli haoni ubaya, labda amezoea mpaka pua imekufa. Jioni, aliporudi na kifurushi akakiweka kwenye friji kikungoje, nilikifungua, nikakaanga kiasi kidogo kwa vitunguu vingi. Mke wake na watoto niliwapakulia maharage. Nyama niliitia kwenye sahani yake peke yake. Alisifu harufu, akatia kijiko cha kwanza kinywani, akaniuliza nimeinunua wapi. Nikamjibu kwamba ndiyo ile freshi ya dada yake.

Alitema palepale mezani, mbele ya watoto wake. Alikimbilia bombani akasukutua kinywa, akakohoa, akasukutua tena, mpaka machozi yakamtoka. Alijua, Mama. Miaka yote hii kaka yako alikuwa anajua anachowalisha.

Begi langu lilitupwa nje usiku uleule, na kazi imeenda na begi. Nimejibanza kwa mwenzangu wa rafu za sabuni. Kesho nakwenda kwa bwana afya kusema yote, jina la Mjomba likiwemo. Najua utalia, maana ni ndugu yako wa pekee. Lakini mpeleke Kitindamimba hospitali leo hii, umweleze daktari wazi amekuwa akila nini, usione haya.

Na Mjomba akija na kifurushi, usimfukuze mlangoni. Mkaribishe, mpe kiti kizuri, mpikie nyama hiyohiyo aliyokuletea, mpakulie yeye wa kwanza. Kisha kaa umtazame.

Nisalimie jirani na umshukuru kwa simu yake. Mwambie Kitindamimba nampenda, na azitoe zile kamba kichwani. Mungu akupe nguvu.

Ni mimi mwanao,
Kifunguamimba wako