Nani Anapiga Ngoma?

Ijumaa, jioni. Upepo wa leo umefagia mtaa wote wa Wabera na kuuleta ndani ya chumba changu. Hata chai ina mchanga.

Shajara, tangu asubuhi mimi ni mwanamuziki.

Miaka hamsini na moja, kitambi kidogo, magoti yenye malalamiko, na saa mbili leo wimbo wetu wa kwanza umetoka mtandaoni, pamoja na video yake. Nasema wetu kwa sababu tuko wawili. Mimi, Kirimi, fundi wa maabara ya shule ya sekondari, napiga gita na kuimba, kama kule ni kuimba. Guyo, mfanyabiashara wa mbuzi, anapiga ngoma. Kundi letu linaitwa Kwato Mbili. Tunapiga muziki wa roki. Majirani wakitusikia huuliza kama jenereta imeharibika.

Miaka sita tumefanya mazoezi kila Jumapili kwenye stoo ya Guyo ya chakula cha mifugo kule Chechelesi, katikati ya magunia ya pumba, maana pumba humeza kelele. Mke wangu na watoto wanaishi nyumbani Maua, na shamba. Hapa Isiolo nina kitanda, jiko la gesi, na Guyo.

Video tuliirekodia Kulamawe, kijijini kwao Guyo. Tulipanga ngoma uwandani, juani, na Guyo akapiga mpaka kijiti kikavunjika. Sijawahi kumwona na furaha kama ile.

Halafu Jumatatu akaja shuleni, akasimama nje ya maabara kama mzazi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Binti yake amechumbiwa, na wazee wa upande wa kijana wangefika kwake Kulamawe Ijumaa, yaani leo, kuzungumza mambo ya harusi.

"Kirimi, ndugu yangu, nitoe kwa video," aliniambia. "Hao wazee wakiuliza Guyo ni nani, waambiwe ni mtu wa mbuzi. Wasiambiwe ni mtu wa kupiga masufuria jangwani."

"Nikutoe kabisa?"

"Uso tu. Harusi ikiisha, nirudishe."

Nilicheka, nikamwambia sawa. Mhariri wa video akakata, akakata kila penye uso. Kumebaki kiwiko kimoja, cha kushoto, sekunde tatu. Kwingine kote ni mimi peke yangu, naruka kando ya ngoma ambazo hakuna mtu amezikalia.

Shuleni, Mama Halima wa jikoni ameitazama mbele yangu mpaka mwisho, mwiko mkononi.

"Fundi, hiyo nyoka ilikuwa wapi?"

"Nyoka gani, Mama?"

"Si hiyo ulikuwa unaruka!"

Walimu nao wamenipa mkono. "Kumbe haya yote umefanya peke yako!" Nimetabasamu. Nikazipokea sifa.

Saa saba mchana mtu nisiyemjua akaandika chini ya video: "Mbona Kwato Mbili na naona kwato moja? Nani anapiga ngoma?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliwaza wale wazee, nikawaza huenda wana mpwa mwenye simu kubwa atakayewasomea, nikajibu haraka: "Ni kompyuta. Hizo ngoma ni za mapambo tu."

Nikajiona mjanja sana. Nimemficha rafiki yangu kabisa.

Haikupita nusu saa, ujumbe wa Guyo ukaingia. "Kompyuta inapiga vizuri. Isalimie."

Basi. Nimempigia mara tano, hapatikani.

Aliniomba nifiche uso. Hakuniomba niseme hayupo.

Na kwa kuwa hapa sidanganyi mtu: haikuwa kumlinda tu. Walimu waliponisifu, kwa dakika kadhaa nilifurahia kuwa kundi la mtu mmoja. Mzee mzima, maisha yote nimeosha chupa za wanafunzi, halafu ghafla chumba kizima kinaniangalia mimi. Nilipoandika neno kompyuta, sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linaniuma.

Tangu nirudi nyumbani nimekuwa nikiitazama video. Wimbo siusikilizi. Nangoja kile kiwiko, nasimamisha hapo. Kina kovu, alichomwa na pembe ya beberu. Kati ya wote walioitazama, nafikiri ni mimi tu niliyeona kwamba pale kuna mtu.

Saa kumi na moja nimelifuta lile jibu. Nimeandika jingine: "Anapiga mtu. Ananishinda mbali. Jina lake atalitaja mwenyewe siku akipenda." Sikutaja mbuzi, sikutaja Kulamawe. Kisha nimemwandikia Guyo: "Nimefuta. Nisamehe." Ujumbe haujafika. Labda simu imeisha chaji. Labda wazee bado wako kwake wanakunywa chai, na yeye anacheka kwa adabu, mkwe wa watu, huku moyoni anajua kuna mahali amefutwa na mtu aliyemwita ndugu.

Na yule mtu nisiyemjua amesharudi. "Sasa ni kompyuta ama ni mtu?"

Nimemjibu: "Ni mtu. Mimi ndiye nilidanganya."

Upepo umetulia. Gita liko ukutani. Kesho hakuna shule, nitaupiga wimbo wetu hapa chumbani tangu mwanzo. Nikifika pale ambapo ngoma hulia peke yake, sitapajaza kwa gita. Nitanyamaza, nitahesabu mapigo ya Guyo, nitamngoja.