Seli Ndogo Zimewaka

Alhamisi, Homa Bay

Zimewaka! Wiki sita nimetazama giza kwenye hadubini, na leo zimewaka.

Msimamizi wangu alikuwa ameonya kwamba vipande vya neva vya leo vikishindwa kuwaka, nibadilishe mada ya utafiti. Aliyegundua kosa ni Achieng', fundi wa maabara: unga wa kemikali tunaoutumia kuwasha seli ulikuwa umenyonya unyevu. Tukaukausha, tukaanza upya.

Saa nane nikaweka fundo la neva la shingo ya panya chini ya lenzi. Seli kubwa zilimulika kidogo tu. Kati yao, vikundi vya seli ndogo viling'aa kijani kikali, kwa sababu vimejaa dopamini, kemikali ambayo nadhani seli hizo huitumia kuzipa seli jirani ujumbe.

"Yawa! Ndizo hizo?" Achieng' akauliza.

"Ndizo."

Msimamizi alikuja, akainama kwenye hadubini, akatazama. "Endelea na mada yako," akasema, akaondoka.

Sijui kama nitaweza kurudia matokeo haya kesho. Hilo linanisumbua. Lakini nimempigia Mama kule Awendo.

"Kwa hivyo hao panya wamekubali?"

"Wamekubali, Mama."

Akapiga kigelegele kwenye simu.